Khabari za Mtaa wa Biryogo na Heshima ya Ujirani Wake

Waswahili husema kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Neno hilo lafaa kutangulizwa katika khabari za mtaa wa Biryogo, mjini Kigali, kwa kuwa ni mtaa ambao watu wameuhukumu kwa mlango wake mara mbili. Zamani waliupita kwa haraka, wakasema ni kambi ya wageni na wachuuzi, hapana jema litokalo humo. Siku hizi huujia kwa furaha, wakasimama katika njia zake zilizopakwa rangi, wakanywa chai, wakapiga picha, kisha wakaenda zao. Wale wa kwanza walikosea kwa dharau. Hawa wa pili waweza kukosea kwa sifa, maana wote wawili wameishia kizingitini. Aliye na haja ya kujua kwa nini Biryogo imependwa na watu wake kwa vizazi vingi hana budi kuingia ndani, ayatazame mambo yaliyoujenga mtaa huo tangu mwanzo.

Mwanzo wa Mji

Biryogo iko katika wilaya ya Nyarugenge, kwenye mteremko utokao penye maduka ya katikati ya mji kuelekea Nyamirambo, upande ambao Mlima Kigali huonekana umeinuka juu ya nyumba. Mtu ashukaye kutoka mjini kwa miguu hufika kabla hajachoka. Umbali huo mfupi ni sehemu ya khabari yake, kwa sababu watu waliokaa Biryogo waliishi kwa kazi za mji, na mji nao uliishi kwa kazi zao.

Kabla ya mwaka 1907 Kigali haikuwa mji. Enzi ya Rwanda ilikuwa mikononi mwa mwami na wakuu wa baraza lake, nao kwa muda mrefu hawakuwaachia wafanyabiashara wa pwani nafasi ya kuweka makao nchini, ijapokuwa misafara yao ilikuwa imekwisha kufika Tabora, Ujiji na hata Kongo ya mashariki. Wajerumani walipoieneza himaya yao, kwanza waliziangalia khabari za Rwanda kutoka Usumbura, mji uitwao leo Bujumbura. Mwaka 1907 Richard Kandt, tabibu na msafiri wa Kijerumani aliyekuwa mwakilishi wa kwanza wa dola hiyo nchini Rwanda, aliweka kituo chake juu ya kilima cha Nyarugenge, katikati ya nchi. Hapo ndipo mji ulipoanza. Jina lake lingali limewekwa katika jumba la makumbusho lililo mjini humo.

Lakini kituo cha serikali hakisimami peke yake. Kilihitaji askari wa kukilinda, makarani wa kuandika barua zake, wapishi, wapagazi, mafundi wa kujenga, na wafanyabiashara wa kuleta nguo na chumvi na kununua ngozi. Wengi wa watu hao walikuwa Waislamu waliotoka pwani na katika miji ya njia ya misafara, kama Tabora na Ujiji. Pamoja nao wakaja Wahindi na Waarabu wenye maduka. Lugha iliyowaunganisha ni Kiswahili, ambacho Wajerumani walikitumia katika utawala wao wote wa Afrika ya Mashariki. Hata Mwami Yuhi Musinga, aliyetawala tangu 1896 mpaka 1931, alijifunza lugha hiyo.

Mwaka 1913, miaka sita tu baada ya mji kuanzishwa, Waislamu wa Kigali walijenga msikiti wao wa kwanza, Masjid al-Fat'h, uitwao pia na wengi msikiti wa Onatracom. Jambo hili si dogo. Mpita njia huswali chini ya mti, akakung'uta msala wake akaondoka. Ajengaye msikiti amekwisha kuazimia kuoa mahali pale, kuzaa, kusomesha watoto na kuzikwa. Kwa hiyo wale waliowaita Waislamu wa Kigali wageni wa muda, hata baada ya miaka hamsini, walikuwa wakisema kinyume cha yale yaliyosimama mbele ya macho yao.

Kambi ya Waswahili

Katika vita ya kwanza ya dunia, mwaka 1916, majeshi ya Wabelgiji yaliwaondoa Wajerumani, na nchi ikakaa chini ya Ubelgiji mpaka siku ya uhuru, tarehe 1 Julai 1962. Utawala mpya haukuwa na haja na Waislamu kama ule wa kwanza. Wabelgiji waliogopa kwamba dini ya Kiislamu na lugha ya Kiswahili vitawaunganisha watu wa Rwanda na wenzao wa nchi jirani, tena walitaka nchi ilelewe kwa mkono wa wamishenari. Kiswahili kikapoteza nafasi yake katika kazi za serikali na katika shule. Waislamu wakaagizwa kukaa mahali pao mbali, palipojulikana kwa jina la kambi ya Waswahili. Kigali ilikuwa na kambi yake, na miji mingine ya Rwanda kadhalika.

Kambi hizo hazikuwa na seng'enge wala lindo la bunduki mlangoni, lakini zilikuwa na mipaka iliyojulikana. Mtu aliyesilimu kule vilimani hakuachwa kwa urahisi akae na Uislamu wake katikati ya jamaa zake, bali alisukumwa aende kambini. Mkaazi wa kambi aliyetaka kwenda kukaa kwingine alitakiwa kuwa na ruhusa. Na kwa kuwa mashamba yalikuwa vilimani, mtu wa kambini alikuwa mtu asiye na shamba, katika nchi ambayo heshima ya mtu ilipimwa kwa ng'ombe na ardhi.

Khabari ya elimu ilikuwa nzito kuliko hiyo ya makao. Shule karibu zote zilikuwa mikononi mwa misheni, na mzazi wa Kiislamu aliyempeleka mtoto wake huko mara nyingi alikabiliwa na sharti la ubatizo au la jina la Kikristo. Wako waliokubali jina shuleni na kulirudisha jina la nyumbani jioni. Wako waliokataa, na watoto wao wakabaki na chuo cha Kurani tu. Kwa njia hiyo, muda wa miaka arobaini na zaidi, Waislamu wa Rwanda walikosa makarani, waganga, waalimu wa shule na maofisa, na baadaye wakalaumiwa kwa kutokuwa nao.

Mlango mmoja ukifungwa, riziki hutafuta mwingine. Watu wa Biryogo wakashika kazi ambazo hazikuulizwa cheti. Walikuwa wachuuzi na wenye vibanda, wachinjaji, washona nguo, madereva wa magari ya mizigo, na mafundi wa kutengeneza magari hayo yalipokufa njiani. Dereva wa Biryogo alijua njia za Bujumbura, Bukavu, Kampala na Bukoba, naye alirudi na bidhaa, khabari, nyimbo na maneno mapya ya Kiswahili. Basi mtaa uliokusudiwa kufungwa ukawa ndio uliokuwa na macho ya kuona mbali.

Jambo jingine lilitokea ambalo watawala hawakulitazamia. Wabelgiji walipokuwa wakiwaandika watu wa vilimani kwa makabila, na katika miaka ya 1930 wakawapa vitambulisho vyenye kutaja kila mmoja kuwa ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa, kule kambini watu walikuwa wakichanganyika. Alikuwapo Mmanyema wa Kongo, Mnyamwezi wa Tabora, Mwarabu mwenye duka, na Wanyarwanda wa kila jamii walioingia dini. Waliswali safu moja, wakaoana, wakazaa watoto wenye babu huku na bibi kule. Serikali iliwaweka wote pamoja chini ya jina moja la Waswahili, kana kwamba ni kabila. Jina hilo liligeuzwa kuwa tusi. Katika mazungumzo ya mjini, kumwita mtu Mswahili kulikuwa na maana ya kwamba ni mjanja, mwongo, mtu asiye na asili. Wenyewe walilibeba jina hilo bila kupenda tusi lake, nalo likawafundisha kwamba mtu aweza kuwa na jina kubwa kuliko kabila lake.

Maisha ya Mtaani

Aliyeingia Biryogo zamani hakuona majumba ya fahari. Nyumba zilikuwa za matofali ya udongo, zimepakwa chokaa au zimeachwa na rangi yake, na juu ni bati. Zilisogeleana hata paa la huyu likamwagia maji ya mvua katika ua wa yule. Nyuma ya nyumba palikuwa na ua uliozungukwa na vyumba vya wapangaji, kamba ya kuanikia nguo, majiko ya makaa, na mahali pa kutilia udhu. Baina ya ua na ua palikuwa na vichochoro na milango ya nyuma, na mwanamke aliyeishiwa chumvi hakuwa na haja ya kutokea barabarani. Yafaa milango hiyo ya nyuma ikumbukwe, maana itatajwa tena.

Ujirani wa nyumba zilizobanana una adabu zake, na adabu hizo ndizo tabia ya mtaa. Mtoto wa mtu ni mtoto wa mtaa: akionekana njiani saa za chuo, mzee yeyote humuuliza, naye hujibu kwa heshima. Kijana humwita mzee baba au mama bila kuulizana nasaba. Harufu ya chakula ikivuka ukuta, sahani nayo huvuka. Katika mwezi wa Ramadhani, kabla ya magharibi, watoto huonekana wamebeba bakuli zilizofunikwa vitambaa, wakitoka nyumba hii kwenda ile, na nyumba ya jirani Mkristo haikurukwa. Naye jirani huyo, siku ya msiba, huwa wa kwanza kuleta viti na kuni. Dini imemwekea jirani haki kubwa. Kurani katika Sura ya Nisaa yaamrisha wema kwa jirani wa karibu na jirani wa mbali, na katika hadithi iliyo sahihi Mtume, rehema na amani zimshukie, alieleza jinsi Jibrili alivyomuusia juu ya jirani mara kwa mara hata akadhani kuwa jirani atapewa fungu katika urithi. Mafundisho hayo watoto wa Biryogo waliyasikia chuoni, na jioni waliyaona yakitendwa kwa bakuli la uji.

Lugha ya mtaa ni jambo jingine lipendezalo. Kiswahili cha Biryogo si kile cha Unguja wala cha Mombasa. Kimekaa muda mrefu na Kinyarwanda kikaazima sauti yake, kimechukua maneno ya Kongo kwa madereva na ya Kifaransa kwa ofisi. Kwa miaka mingi hapakuwa na shule ya kukifundisha wala gazeti la kukitunza, lakini hakikufa, kwa sababu kilikuwa lugha ya sokoni, ya gereji, ya waadhi msikitini na ya bibi na wajukuu. Tarehe 8 Februari 2017 bunge la Rwanda lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha rasmi za nchi, miaka kumi baada ya Rwanda kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Siku hiyo lugha ambayo watu wa kambi walichekwa kwa ajili yake iliingia katika vitabu vya sheria. Wazee wa Biryogo waliokuwa wakiitwa Waswahili kwa dhihaka walikuwa wameitunza amana ambayo taifa lilikuja kuihitaji.

Baada ya uhuru Waislamu walipata chama chao cha nchi nzima mwaka 1964, kilichojulikana kwa herufi za AMUR, na baadaye pakajengwa huko Nyamirambo kituo kikubwa cha Kiislamu kwa msaada wa Libya, chenye msikiti na shule. Mambo yalipungua ukali. Hata hivyo, mpaka miaka ya 1990, Mwislamu katika ofisi kubwa ya serikali alikuwa mtu wa kuhesabiwa kwa vidole, na Biryogo iliendelea kutazamwa na wengi kama mtaa wa watu wa pembeni.

Mwaka 1994

Hapana awezaye kuandika khabari za mtaa wowote wa Kigali akauruka mwaka 1994. Tangu tarehe 7 Aprili mpaka mji ulipotwaliwa na jeshi la RPF tarehe 4 Julai, na katika sehemu nyingine za nchi hata baada ya hapo, yalifanyika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Serikali ya Rwanda huwahesabu waliouawa kuwa zaidi ya watu milioni moja. Njia za mji zilijaa vizuizi, na penye kizuizi mtu aliulizwa kile kitambulisho kilichoanzishwa na Wabelgiji. Neno moja katika karatasi lilitosha kumwua.

Ni wajibu kusema kweli yote. Damu ilimwagika Nyamirambo na Biryogo kama kwingineko. Waislamu wengi waliokuwa Watutsi waliuawa, na wako waliojiita Waislamu walioshika mapanga pamoja na wauaji. Mwenye kusema kwamba hapana Mwislamu aliyechafua mikono yake hulisifu kundi kwa uongo, na sifa ya uongo haimfai aliyekufa wala aliyepona. Lakini ni kweli vilevile, na imeshuhudiwa na watu wengi waliopona, kwamba katika mitaa ya Waislamu wako watu wengi waliookolewa na majirani, na kwamba Biryogo ilikuwa miongoni mwa mahali ambapo aliyekimbia aliweza kubisha hodi akafunguliwa.

Namna walivyookolewa yaeleza tabia ya mtaa kuliko sifa yoyote. Watu walifichwa katika dari, chini ya vitanda, katika stoo za bidhaa na nyuma ya magunia. Wanawake walipewa mitandio na wanaume wakavishwa kanzu na kofia. Wauaji walipoingia kwa mlango wa mbele, aliyefichwa alikuwa amekwisha kupitishwa kwa mlango wa nyuma mpaka ua wa pili na wa tatu. Nyumba zilizobanana, ambazo watu wa mipango ya miji huziona kuwa ni aibu, zilikuwa siku hizo ngome. Na chakula kilichovuka ukuta kwa desturi ya miaka mingi kilivuka tena, safari hii usiku, kwa ajili ya mtu asiyepaswa kujulikana kuwa yuko hai.

Watu wameuliza kwa nini. Sababu moja ni mafundisho: kabla ya maafa hayo viongozi wa Waislamu walikuwa wamekwisha kuwahadharisha watu wao na siasa ya ukabila, na waadhi misikitini walikumbusha kwamba kuua nafsi moja bila haki ni kama kuwaua watu wote. Sababu ya pili ni historia. Watu waliokuwa wamewekwa pembeni kwa muda wa miaka sabini hawakuwa na sehemu kubwa katika madaraka, wala hawakuwa na hamu ya kuyapigania. Wao wenyewe walijua maana ya kuitwa mgeni katika nchi yako. Sababu ya tatu ni ile ya ndoa na vizazi vilivyochanganyika, maana aliyetaka kumtenga Mtutsi na Mhutu katika ua wa Biryogo alikuwa akimkata mtoto mmoja vipande viwili.

Lakini mafundisho yale yale yalisomwa na watu wengine wengi, na ndoa za namna ile zilikuwako vilimani pia, na bado watu waliuana. Kwa hiyo yapasa iongezwe sababu ya nne, iliyo ndogo kwa sura: mazoea. Mtu hawezi kuanza ujirani siku ya kizuizi. Yule aliyefungua mlango usiku wa Aprili alikuwa amekwisha kuufungua mara elfu kwa ajili ya chumvi, kwa ajili ya moto, kwa ajili ya mtoto mgonjwa. Mkono wake ulijua njia ya komeo kabla akili yake haijapima hatari. Desturi ndogo za kila siku ndizo zilizokuwa mazoezi ya jambo kubwa, na hapana aliyejua wakati huo kwamba ni mazoezi.

Baada ya vita, watu wengi nchini waliingia katika Uislamu, na baadhi yao walitaja kwamba waliyoyaona kwa majirani ndiyo yaliyowavuta. Katika mahakama za Gacaca, zilizofungwa mwaka 2012, majirani walikaa kwenye nyasi wakatoa ushahidi, wa kuwatia wengine hatiani na wa kuwatakasa wengine. Neno Mswahili lilianza kusemwa kwa sauti nyingine. Mtaa ulikuwa ule ule. Macho ya watazamaji ndiyo yaliyobadilika.

Biryogo ya Leo

Mambo mengi yamegeuka tangu hapo. Katika mpango wa kuitengeneza sehemu iitwayo Agatare pamoja na jirani zake, Biryogo ikiwa mojawapo, njia zilitiwa mawe na lami, mifereji ya maji ya mvua ikajengwa, na taa zikawekwa. Mpango huo ulikuwa na jambo moja la kusifiwa, nalo ni kuwatengenezea watu mahali walipo badala ya kuwahamisha. Jirani na hapo, katika Kiyovu cha maskini, mwaka 2008 nyumba zilivunjwa na watu wakapelekwa mbali, wengine mpaka Batsinda. Huko walipewa nyumba. Lakini ujirani haukupakiwa katika malori pamoja na vitanda na masufuria.

Mwezi wa Machi 2018 misikiti ya Nyarugenge iliagizwa isitumie vipaza sauti kwa adhana, kwa khabari ya kelele za mjini, na hivyo sauti iliyokuwa ikiuamsha mtaa alfajiri ikapungua. Mwaka 2021 njia za Biryogo zilifungwa kwa magari, zikapakwa rangi za mistari na maua, na wenye mikahawa wakatoa meza nje. Jioni huja vijana kutoka pande zote za mji, na wageni wa ng'ambo, wakaagiza chai ya maziwa, chapati, sambusa na nyama ya kuchoma. Mahali ambapo watu walitakiwa kuwa na ruhusa kwa ajili ya kutoka, leo watu hupanga safari kwa ajili ya kuingia. Ni neema, na biashara za watu wa mtaa zimepata wateja. Haifai kuibeza.

Hata hivyo neema nayo ina hesabu yake. Mahali papendwapo hupanda bei. Mwenye nyumba akiona mgeni wa meza moja amlipa kwa jioni moja zaidi ya anavyolipwa na mpangaji kwa juma zima, ataukumbuka ule ua wa nyuma na vyumba vyake. Ataweza kuwaambia wapangaji wahame, na hapana sheria atakayokuwa ameivunja. Mshona nguo ataondoka, fundi wa magari ataondoka, mjane auzaye maandazi alfajiri ataondoka, na njia itabaki na rangi zake. Wageni wataendelea kuja kutazama mtaa wa Waswahili, na huenda wasijue kwamba Waswahili wenyewe hawamo. Wahenga walionya kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha wa Biryogo ni ule ujirani uliochakaa kwa kutumiwa, nao ndio uliowahifadhi watu wakati misala yote mizuri ya nchi ilipokuwa imekunjwa.

Basi wapaswao kuutunza mtaa huo ni wenyewe, na njia za kuutunza hazihitaji fedha nyingi. Mwenye nyumba, kabla ya kumwondoa mpangaji wa miaka ishirini, na akumbuke ni nani aliyemwoshea maiti yake. Jamaa wenye viwanja vya wakfu na wawe na nia ya kuviacha vyumba vya watu wa kipato kidogo, maana wakfu ni kwa ajili ya hao. Waalimu wa madrasa na wazidi kuifundisha haki ya jirani, asiyekuwa Mwislamu na aliye Mwislamu, si kwa kukariri tu bali kwa kumtuma mtoto na bakuli. Katika umuganda wa mwisho wa mwezi, kazi ya mifereji ikiisha, wazee na wakae na vijana waeleze yaliyopita. Aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1994 amekwisha kupita hamsini. Wale walioficha watu na wale waliofichwa wanapungua kila mwaka, na jambo lisiloandikwa huzikwa na mwenyewe.

Kadhalika vijana na wajue kwamba jina la Mswahili walilorithi lina deni. Walilipata kutoka kwa watu waliotengwa na bado hawakuwatenga wengine. Atakayekuwa tajiri Biryogo, akajenga ukuta mrefu, akaweka mlango mmoja tu wa mbele wenye kufuli, hatakuwa ametenda dhambi. Lakini siku jirani yake atakapotafuta pa kupitia usiku, hatapaona.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliouawa, awape malipo mema waliofungua milango yao, na aujaalie mtaa wa Biryogo ubaki na watu wake. Amin.